Bapa na Duara: Kuzisoma Riwaya za Kiingereza kwa Jicho la E. M. Forster

Utangulizi

Karibu kila mtahiniwa wa kidato cha nne anayafahamu maneno haya mawili: mhusika bapa na mhusika duara. Ameyaandika kwenye daftari, ameyakariri na ameyatumia kujibu maswali ya fasihi. Lakini ukimuuliza yalikotoka, au kwa nini mhusika fulani aitwe bapa na si duara, mara nyingi jibu huwa fupi: "Bapa habadiliki, duara anabadilika." Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi, na wakati mwingine hupotosha.

Maneno haya yana asili yake. Yalianzishwa mwaka 1927 na mwandishi wa riwaya wa Uingereza, E. M. Forster, alipokuwa akieleza namna anavyozisoma riwaya za wenzake waliomtangulia: Jane Austen, Charles Dickens, William Thackeray, Thomas Hardy na wengine. Ukielewa Forster alimaanisha nini, utapata faida mbili. Kwanza, utazisoma riwaya za Kiingereza kwa raha zaidi na kuona mambo ambayo ungeyapita. Pili, utaacha kubandika lebo na utaanza kuchambua, na hapo ndipo jibu lako linapopata uzito.

Katika mada hii tutaona Forster alikuwa nani, tofauti aliyoiweka kati ya hadithi na msuko, maana kamili ya bapa na duara, mfano wa uchambuzi kutoka riwaya ya *Great Expectations*, wahakiki waliompinga, na jinsi ya kuyatumia haya yote ndani ya chumba cha mtihani.

1. Forster alikuwa nani?

Edward Morgan Forster alizaliwa mwaka 1879 na kufariki mwaka 1970. Kabla hajawa mhakiki alikuwa mtunzi. Aliandika *A Room with a View* (1908), *Howards End* (1910) na *A Passage to India* (1924). Kwa hiyo alipozungumza kuhusu wahusika, alizungumza kama fundi anayeijua kazi kwa mikono yake.

Mwaka 1927 alialikwa kutoa mihadhara katika Chuo cha Trinity, Cambridge. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka huohuo kuwa kitabu kiitwacho *Aspects of the Novel*. Lugha yake ni ya mazungumzo, yenye utani mwingi, kwa sababu ilitungwa isikilizwe na watu waliokaa ukumbini.

Kuna mambo mawili kuhusu kitabu hicho yanayomgusa mtahiniwa moja kwa moja.

Jambo la kwanza ni namna alivyoyaweka kando masuala ya tarehe. Forster aliwataka wasikilizaji wake wawafikirie watunzi wote wa riwaya za Kiingereza wakiwa wamekaa katika chumba kimoja cha mviringo, kila mmoja na kalamu yake, wote wakiandika kwa wakati mmoja. Kisha akawasomea vifungu viwiliviwili vya watunzi wa vipindi tofauti bila kutaja majina yao. Kwa mfano, alimweka Dickens pamoja na H. G. Wells, na Laurence Sterne pamoja na Virginia Woolf. Alitaka wayasikilize maandishi yenyewe kabla ya kuuliza aliyeandika alizaliwa lini.

Jambo la pili ni onyo lake kuhusu mtu anayejifanya msomi. Mtu huyo huzunguka nje ya vitabu badala ya kupita ndani yake. Anajua kitabu kimo katika kundi gani, kilitokea kipindi gani na nani alisema nini kukihusu, ila kitabu chenyewe hajakisoma vizuri. Hata hivyo, Forster hakuwacheka wanaofanya mitihani. Alikubali kwamba madhali ajira zinapatikana kupitia mitihani, ni lazima mitihani ichukuliwe kwa uzito. Alichokataa ni mtihani kuwa sababu ya kutokisoma kitabu.

> Zingatia: Uhakiki ni njia ya kuingilia ndani ya kitabu. Ukiishia kwenye uhakiki bila kufika kwenye kitabu, umesimama mlangoni.

2. Hadithi na msuko

Forster alianza na kitu kilicho sahili zaidi katika riwaya, yaani hadithi. Kwake hadithi ni masimulizi ya matukio kwa kufuata mpangilio wa wakati: hiki kilitokea, kisha kile, kisha kingine. Nguvu yake ni kumfanya msikilizaji aulize, "Halafu ikawaje?" Mfano alioutumia wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu. Ni Shahrazadi wa *Alfu Lela Ulela*, aliyeokoa maisha yake kwa kumwacha mfalme kila alfajiri na hamu ya kujua kitakachofuata.

Msuko nao ni masimulizi ya matukio, lakini mkazo umehamia kwenye sababu. Swali la msuko ni "Kwa nini?" Forster alitoa mfano mfupi sana wa mfalme na malkia. Kwanza aliutaja ufuatano tu wa vifo vyao viwili. Hiyo ni hadithi. Kisha akaongeza kwamba kifo cha malkia kilisababishwa na huzuni. Hapo sasa ni msuko, kwa sababu tukio la pili limetokana na la kwanza.

Tuutazame mfano mwingine wa kwetu:

- *Hadithi:* Juma alifukuzwa kazi. Mwezi uliofuata mke wake alirudi kwao.
- *Msuko:* Juma alifukuzwa kazi, akaficha jambo hilo nyumbani. Mwezi uliofuata mke wake aligundua uongo huo, akarudi kwao.

Matukio ni yaleyale mawili. Kilichobadilika ni kwamba katika sentensi ya pili tunamwona Juma. Ameficha, ameogopa, amedanganya. Sababu ya tukio imepatikana ndani ya tabia ya mtu. Kwa hiyo msuko mzuri na mhusika mzuri hukua pamoja.

Tofauti hii inaeleza pia kwa nini kusimulia riwaya upya si kuichambua. Mtahiniwa anayejaza ukurasa kwa "kisha Pip akaenda London, kisha akarudi, kisha akaugua" amejibu swali la hadithi. Mtahini amemuuliza swali la msuko.

Forster alilitumia wazo hili kumsoma Thomas Hardy, na akatoa lawama: katika riwaya za Hardy msuko umekuwa na nguvu kupita kiasi, hata wahusika wanalazimika kuinama ili matukio yapite. Je, lawama hiyo ni ya haki? Chukua *Tess of the d'Urbervilles* (1891). Kabla ya harusi, Tess anaandika barua ya kumweleza Angel Clare mambo yaliyompata zamani, anaisukuma chini ya mlango wa chumba chake. Barua inaingia chini ya zulia, Angel haioni. Hii ni sadfa, na maisha ya Tess yanabadilika kwa sababu yake.

Mtu mmoja anaweza kusema: zulia ndilo lililoamua, si Tess, kwa hiyo Forster yuko sahihi. Mwingine anaweza kujibu: Tess aliigundua barua hiyo kabla ya harusi, angeweza kusema kwa mdomo, alijaribu, Angel akamwambia wayaache hayo hadi baadaye, naye hakusisitiza. Basi woga wake na upendo wake navyo vimo ndani ya msuko. Majibu yote mawili yanafaa. Yote mawili yamerudi kwenye kitabu kutafuta ushahidi.

3. Mhusika bapa: si tusi

Neno "bapa" tunalijua kutoka ubapa wa panga: ule upande mpana, uliotandazwa, usio na kina. Kwa Forster, mhusika bapa katika hali yake halisi amejengwa juu ya wazo moja au sifa moja. Unaweza kumweleza kwa sentensi moja na usimpunguzie chochote.

Mfano wake maarufu ni Bi Micawber katika *David Copperfield* (1849–1850) ya Dickens. Mumewe, Bwana Micawber, anaishi kwa madeni na anangoja siku zote jambo la heri lijitokeze. Mkewe anarudia kiapo kilekile kwamba hatamwacha mumewe kamwe. Hamwachi. Hiyo sentensi moja ndiyo Bi Micawber mzima.

Je, hilo ni kosa la mtunzi? Watahiniwa wengi huandika kana kwamba ni kosa: "Mtunzi ameshindwa kumjenga mhusika huyu kwa sababu ni bapa." Forster hakusema hivyo. Alitaja faida mbili za wahusika bapa:

(a) *Wanatambulika kwa urahisi.* Kila wanapoingia, msomaji anawajua mara moja, na mtunzi hana haja ya kuwatambulisha tena.

(b) *Wanakumbukwa kwa urahisi.* Kwa kuwa hali haiwabadilishi, wanabaki akilini mwa msomaji hata baada ya kitabu kusahaulika.

Faida hizi zinaeleweka zaidi tukikumbuka jinsi vitabu vya Dickens vilivyowafikia wasomaji. *David Copperfield* ilitoka kwa vipande, kila mwezi kipande, kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850. Msomaji aliyekutana na Bi Micawber mwezi mmoja huenda akakutana naye tena baada ya miezi kadhaa. Kile kiapo kinachorudiwa kilimsaidia kumkumbuka papo hapo, kama vile msikilizaji wa mchezo wa redio anavyomtambua mhusika kwa msemo wake.

Forster alikiri kwamba Dickens alimpa fumbo gumu. Aliona kuwa karibu wahusika wote wa Dickens ni bapa, hata hivyo vitabu vyake vinatupa hisia ya kina cha ubinadamu. Inawezekanaje? Jibu lake ni kwamba uhai mkubwa wa Dickens mwenyewe unawatikisa wahusika wake hadi wanaonekana kuishi. Akahitimisha kuwa huenda ubapa una thamani kubwa kuliko wahakiki wakali wanavyokubali.

Lakini aliweka mpaka. Wahusika bapa hufanya kazi vizuri zaidi wanapochekesha. Mhusika bapa anayelia na kuhuzunika kila anapotokea huchosha upesi. Kubeba huzuni nzito kwa muda mrefu ni kazi ya wahusika duara.

Katika fasihi ya Kiswahili, mhusika bapa ana kazi nyingine muhimu, hasa katika maandishi yanayokusudia kufunza maadili. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina yanayotangaza sifa zao. Katika *Kusadikika* yupo Waziri Majivuno. Katika *Adili na Nduguze* wapo Adili, Hasidi na Mwivu. Ubapa huo ni wa makusudi. Mtunzi anataka msomaji aitazame sifa yenyewe, asisumbuliwe na mambo mengine ya mtu huyo. Kumlaumu Shaaban Robert kwa sababu Majivuno ni bapa ni sawa na kulilaumu panga kwa sababu si mpira.

4. Mhusika duara: kushangaza na kusadikisha

Mhusika duara ana pande nyingi. Huwezi kummaliza kwa sentensi moja. Mfano mmoja wa Forster ni Becky Sharp katika *Vanity Fair* (1847–1848) ya Thackeray. Ungeweza kusema Becky ni msichana maskini anayetaka kupanda ngazi ya maisha kwa njia yoyote. Ni kweli, lakini ukimkumbuka Becky unayakumbuka matukio makubwa aliyoyapitia na jinsi kila moja lilivyoacha alama kwake.

Kisha Forster akatoa kipimo ambacho mtahiniwa anapaswa kukishika vizuri kuliko kitu kingine chochote katika mada hii. Mhusika duara ni yule anayeweza *kutushangaza kwa namna inayotusadikisha*. Kipimo hiki kina sehemu mbili, na zote zinahitajika:

| Je, anatushangaza? | Je, tunasadiki? | Hukumu |
|---|---|---|
| Hapana | – | Ni bapa |
| Ndiyo | Hapana | Ni bapa anayejifanya duara |
| Ndiyo | Ndiyo | Ni duara |

Tazama safu ya katikati. Hapo ndipo jibu la "duara anabadilika" linapokwama. Jambazi anayekuwa mtakatifu katika ukurasa wa mwisho, bila jambo lolote lililomwandaa, amebadilika. Lakini hatumwamini. Kwa kipimo cha Forster, mhusika huyo bado ni bapa.

Safu ya tatu nayo haihitaji mabadiliko makubwa. Mfano mzuri kuliko yote wa Forster ni mtu ambaye habadiliki kwa muda mrefu. Ni Bibi Bertram katika *Mansfield Park* (1814) ya Jane Austen. Mama huyu tajiri anashinda kwenye kochi na mbwa wake mdogo. Hasumbuki, hafikirii sana, hana neno la maana kuhusu jambo lolote. Kurasa baada ya kurasa unamwona bapa kabisa. Halafu balaa linaingia nyumbani: binti yake Maria, aliyekwisha kuolewa, anatoroka na mwanamume mwingine, na binti wa pili naye anatoroka kwenda kuolewa kwa siri. Wakati huo Bibi Bertram anauelewa uzito wa yaliyotokea. Kwa kitambo kifupi anaonekana mama mwenye uchungu na mwenye akili ya kutofautisha jema na baya. Kisha anarudi kwenye ulegevu wake.

Forster alivutiwa sana na kitambo hicho. Hoja yake ni kwamba Austen ameweka ndani ya wahusika wake, hata wale wadogo, uwezo wa kupanuka hali ikidai. Wako tayari kwa maisha makubwa zaidi kuliko kitabu kinavyowataka waishi. Ndiyo sababu kijiji kidogo na mazungumzo ya sebuleni vinatosha kujaza riwaya nzima.

Hapa tunaona faida ya kusomewa riwaya na mtunzi mwenzake. Msomaji wa kawaida angempita Bibi Bertram bila kumtazama mara mbili. Forster anatusimamisha: mtazame tena huyu.

Kipimo hiki kinafaa pia kwa riwaya za Kiswahili. Katika *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa anaanza akiwa binti mtiifu na mwenye haya. Baadaye mwenendo wake unatushangaza. Lakini tunasadiki, kwa kuwa tulikwishaona ukali wa Zakaria, baba yake, na kipigo alichompa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali huo ulimnyima nafasi ya kujifunza kuishi na watu. Mshangao una mizizi yake katika kurasa za mwanzo.

5. Mfano wa uchambuzi: *Great Expectations*

Sasa tuvitumie vifaa hivi katika riwaya moja. *Great Expectations* ya Dickens ilichapishwa kila wiki kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Pip, mtoto yatima, analelewa na dada yake na shemeji yake Joe Gargery, ambaye ni mhunzi. Siku moja anamsaidia mfungwa mtoro, Magwitch. Baadaye anaitwa kwenye nyumba ya bibi tajiri, Miss Havisham, ambako anampenda Estella, msichana anayemdharau. Kisha mfadhili asiyejulikana anampa Pip fedha awe muungwana wa London. Pip anaamini mfadhili ni Miss Havisham. Siku moja Magwitch anatokea mlangoni kwake: yeye ndiye mfadhili.

Miss Havisham. Mwanzoni ni bapa wa kutisha. Aliachwa na bwana harusi siku ya harusi yake; tangu hapo saa zote nyumbani zimesimamishwa, amevaa gauni lilelile la harusi, keki imeoza mezani. Ana wazo moja: kulipiza kisasi kwa wanaume kupitia Estella. Lakini karibu na mwisho anampigia magoti Pip na kumwomba msamaha. Anatushangaza. Je, tunasadiki? Ndiyo, na sababu imo ndani ya kitabu. Pip alikwishaumwaga moyo wake kwa Estella mbele yake, akakataliwa. Katika uchungu wa kijana yule Miss Havisham aliuona uchungu wake mwenyewe wa zamani, akatambua kwamba amemtenda mwingine kile alichotendewa. Amepita kipimo chote.

Joe Gargery. Ni mpole mwanzo hadi mwisho. Pip anamwonea aibu anapomtembelea London, naye anaondoka bila kinyongo. Pip anapougua, Joe anakuja kumuuguza, analipa deni lake kimyakimya, kisha anaondoka bila kungoja shukrani. Je, ametushangaza? Wengine watasema hapana, wema wake tuliujua. Basi ni bapa. Lakini tazama kazi ya ubapa huo. Pip anayumba huku na huko, na tunaupima umbali aliokwenda kwa sababu Joe hajasogea. Kigingi hakipaswi kutembea.

Pip. Hapa tunakutana na hukumu ya Forster inayoweza kupingwa. Yeye aliona kwamba Dickens alijaribu kumfanya Pip awe duara, lakini kwa woga, hata Pip akawa kama povu lisilo na uzito. Ukiukubali uamuzi huo, tafuta ushahidi wake. Ukiukataa, unaweza kujenga hoja hivi: Pip anasimulia mwenyewe, akiwa mtu mzima, na hajifichi. Anatuonyesha aibu aliyoiona kwa ajili ya Joe na anajihukumu kwa aibu hiyo. Magwitch anapojitokeza, Pip kwanza anachukizwa naye kabisa. Baadaye anakaa kando ya kitanda chake akimshika mkono hadi anakufa. Safari kutoka kuchukizwa hadi upendo imeoneshwa hatua kwa hatua. Mshangao upo, na kusadiki kupo.

Je, mtahiniwa anaruhusiwa kumpinga mhakiki mkubwa? Anaruhusiwa, kwa sharti moja: awe na ushahidi kutoka kwenye kitabu chenyewe.

6. Forster naye alikosolewa

Mawazo ya Forster hayakupokelewa na wote. Mwaka 1928, mwaka mmoja tu baada ya mihadhara ile, Edwin Muir katika *The Structure of the Novel* aliwatetea wahusika bapa. Hoja yake ni kwamba kuna aina ya riwaya zinazokusudia kuonesha picha pana ya jamii, na katika riwaya hizo mhusika bapa ndiye anayefaa. Si mhusika wa daraja la chini.

Virginia Woolf, rafiki wa Forster na mtunzi mashuhuri, alimkosoa kwa upande mwingine. Aliona kuwa Forster amesema mengi kuhusu hadithi, watu na msuko, lakini karibu hakusema lolote kuhusu maneno, yaani lugha ambayo kwayo riwaya imetengenezwa.

Lawama ya Woolf inatuhusu sana. Hata katika majibu ya mtihani, matumizi ya lugha mara nyingi hutengwa peke yake: hapa tamathali, pale wahusika. Lakini Joe tunamjua kwa jinsi anavyozungumza, kwa kigugumizi chake cha adabu anapokuwa London. Bi Micawber tunamjua kwa sentensi anayoirudia. Ukimchambua mhusika, eleza pia *anavyosema* na *anavyosimuliwa*.

7. Kuyatumia katika mtihani

Fuata hatua hizi nne:

1. Taja sifa kuu ya mhusika kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ikimtosha, yuko karibu na ubapa.
2. Tafuta tukio linalopinga sentensi hiyo. Kama lipo, umeupata mshangao.
3. Rudi nyuma utafute kilichouandaa mshangao huo. Hapo unapima kusadiki.
4. Eleza mhusika huyo ana kazi gani katika riwaya, awe bapa au duara.

Linganisha majibu haya mawili kwa swali: *"Miss Havisham ni mhusika wa aina gani?"*

*Jibu dhaifu:* Miss Havisham ni mhusika duara kwa sababu anabadilika. Mwanzoni alikuwa mbaya na mwishoni akawa mzuri. Pia ni tajiri na aliachwa na mchumba wake.

*Jibu imara:* Kwa sehemu kubwa ya riwaya Miss Havisham amejengwa juu ya wazo moja, kisasi, na saa zilizosimamishwa zinaonesha maisha yaliyogandishwa katika siku moja. Hata hivyo anamshangaza msomaji anapompigia magoti Pip. Mshangao huo unasadikisha kwa sababu uchungu wa Pip ulimrudishia uchungu wake mwenyewe. Kupitia yeye Dickens anaonesha kuwa mtu anayelipiza kisasi kwa asiye na hatia huwa sawa na yule aliyemkosea.

Jibu la pili halikumtaja Forster hata mara moja. Si lazima umtaje. Kinachotakiwa ni kufanya kile alichofanya.

Makosa ya kuepuka

- Kuandika "bapa" kwa maana ya mhusika mbaya au aliyeandikwa vibaya.
- Kudhani kila mhusika mkuu ni duara na kila mhusika mdogo ni bapa. Mkumbuke Bibi Bertram.
- Kutoa hukumu bila tukio la kuithibitisha.
- Kusimulia hadithi mahali palipotakiwa maelezo ya sababu.
- Kukariri maoni ya mhakiki badala ya kusoma riwaya. Swali likigeuzwa kidogo tu, aliyekariri hukwama. Aliyesoma huwa na mahali pa kurudi.

8. Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia mfano wako mwenyewe, tofautisha hadithi na msuko.
2. "Mhusika anayebadilika ni duara." Jadili ukweli na upungufu wa kauli hii.
3. Chagua mhusika mmoja bapa katika riwaya uliyosoma. Eleza kazi yake na upungufu ambao ungetokea kama mtunzi angemfanya duara.
4. Forster aliona Pip hajakamilika kuwa duara. Je, unakubaliana naye? Toa hoja tatu.
5. Chagua wahusika wawili kutoka riwaya mbili za vipindi tofauti, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kiswahili. Waweke katika "chumba cha mviringo" cha Forster na uwalinganishe bila kutaja tarehe.

Vidokezo: Swali la 2 linahitaji sehemu zote mbili za kipimo, mshangao na kusadiki. Swali la 3 lijibiwe kwa kufikiria matukio ambayo yangeharibika. Mfano, nini kingempata Pip, na msomaji, kama Joe naye angeyumba? Katika swali la 4, msimamo wowote unakubalika ukiwa na ushahidi. Katika swali la 5, anza na yale wanayosema wahusika hao kwa vinywa vyao wenyewe, kisha ndipo uwahukumu.